Fuawe ya Bei Nafuu kwa Mhunzi Anayeanza: Jibu kwa Msomaji wa Nkuhungu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti hapa Nkuhungu, Dodoma, na nataka kujifunza uhunzi ili niweze kufua mwenyewe visu, mashoka na mapambo ya mageti. Nyundo ya kilo moja ninayo na tanuru la mkaa nimeshalijenga, lakini fuawe, yaani chuma kizito cha kufulia juu yake, imenishinda. Kijana mmoja ananiuzia kipande cha reli cha mita moja kwa bei ya chini, bila risiti. Muuzaji mwingine wa Dar es Salaam amenitumia picha ya fuawe ya zamani yenye namba 1 1 7 ubavuni, anasema uzito wake ni kilo 117, na anataka nimtumie malipo ya awali. Je, nichukue ipi, na hapa kwetu fuawe iliyotumika inapatikana wapi kwa bei ambayo fundi mdogo anaimudu?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nianze na jibu lenyewe ili usije ukafanya haraka kabla hujamaliza kusoma. Kipande cha reli kisicho na risiti usikiguse. Fuawe ya Dar es Salaam usiitumie fedha bado, kwa sababu namba hiyo haimaanishi kilo 117, nami nitakuonyesha namna ya kuisoma. Kwa kuanzia, tafuta pande nene la chuma lenye uzito wa kilo 25 hadi 35 kutoka kwenye majumba ya vyuma chakavu, ulisimamishe juu ya gogo imara, uanze kufua, huku ukiitafuta fuawe kamili bila papara. Pande hilo litakufundisha kazi yote ya msingi, na litakugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya fuawe.

Nakushauri hivyo kwa kuzingatia kazi ambayo fuawe inafanya. Nyundo inapoteremka, chuma chenye moto kinabanwa kati ya vitu viwili, na kitu cha chini kisipokuwa kizito na kigumu, nguvu ya mkono wako inapotea katika kukitikisa badala ya kukisukuma chuma. Ni sawa na kutwanga kwenye kinu kilichowekwa juu ya godoro. Kwa hiyo mambo matatu yanatangulia: uzito uliokusanyika chini ya pale nyundo inapopiga, ugumu wa uso, na kutotikisika. Kipimo ambacho wahunzi wengi wanakifuata ni kwamba fuawe iwe na uzito wa mara 20 hadi 50 ya nyundo. Kwa nyundo yako ya kilo moja, kilo 20 ni kiwango cha chini cha kufanyia kazi, na kilo 50 ni raha tupu. Pembe ya fuawe, yaani ncha yake iliyochongoka ya kukunjia chuma, pamoja na tundu la mraba na lile dogo la duara yaliyo usoni, ni vitu vya manufaa sana, lakini vyote vina mbadala, ilhali uzito hauna mbadala.

Wahunzi wa nchi hii walifua majembe, mikuki na mashoka kwa vizazi vingi juu ya jiwe gumu lililozikwa ardhini, au juu ya bonge la chuma, bila pembe wala tundu. Silisemi hili ili ukafue juu ya jiwe, kwa kuwa mawe ya itale yaliyotuzunguka hapa Dodoma hupasuka na kurusha vipande yakipigwa na kupata joto. Nalisema ili usikubali kuambiwa kwamba bila fuawe yenye umbo la kwenye picha hakuna uhunzi.

Sasa tuingie kwenye jumba la vyuma chakavu. Unatafuta chuma cha feleji kilichojaa, chenye unene usiopungua sentimita 8 kila upande, na kirefu kadiri utakavyopata. Uzito wake unaweza kuukadiria kwa rula kabla ya kugusa mizani, kwa sababu sentimita moja ya ujazo wa feleji ina takriban gramu 7.85. Pande la mraba la sentimita 10 kwa 10 lenye urefu wa sentimita 30 lina kilo 23 na nusu hivi. Likifika sentimita 40 linakuwa na kilo 31. Shafti ya duara yenye kipenyo cha sentimita 12 na urefu wa sentimita 30 inakaribia kilo 27. Vyote hivyo vikisimamishwa wima vinakupa uso mdogo, lakini uso mdogo usikutishe: nyundo yako inagusa eneo dogo kuliko kiganja cha mtoto, na uzito wote ulio chini yake wima ndio unaofanya kazi.

Katika mji wetu vyanzo vya vyuma vya namna hiyo vimeongezeka kuliko zamani. Dodoma iko kwenye barabara kuu ya malori kutoka Dar es Salaam kwenda Singida na Mwanza, na gereji za malori zinatupa ekseli, shafti na pini za matela. Ujenzi wa reli mpya, barabara na uwanja wa ndege wa Msalato umeleta makatapila na eskaveta, na mitambo hiyo inapokwisha, pini zake za ndoo na za mikono, ambazo ni feleji ngumu ajabu, huishia kwenye mizani ya vyuma chakavu. Machimbo ya kokoto yanatupa shafti za mashine za kusagia mawe. Uma wa folklifti nao ni chuma bora sana: ni mnene, umenyooka, una uso bapa tayari, na umetengenezwa kustahimili mizigo mizito bila kupinda. Kichwa cha nyundo kubwa ya kupasulia mawe, cha kilo 8 au 10, kikizamishwa nusu ndani ya gogo kinatosha kwa visu vidogo na ndoano za mapambo, ingawa kwa shoka utakihisi kuwa kidogo. Tembelea majumba ya upande wa Kizota na yale ya kandokando ya barabara kuu, na usiende mara moja tu, kwa kuwa mali hubadilika kila lori linapopakia kwenda kwenye viwanda vya kuyeyushia. Mpe msimamizi wa mizani namba yako ya simu, mweleze kwa vipimo unachotaka, na umwonyeshe picha.

Viko vitu ambavyo vinavutia kwa uzito lakini havifai. Vizito vya kusawazisha matrekta na winchi, bloku za injini, ngoma za breki na magurudumu makubwa ya mashine za kusaga mara nyingi ni chuma cha kasti, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu kikabaki na kaboni nyingi. Chuma hicho kinavunjika badala ya kubonyea, na kingo zake zinamomonyoka. Ukitaka kuhakikisha, omba kugusisha grainda mahali padogo: kasti hutoa cheche fupi, nyekundu na zilizofifia, wakati feleji yenye kaboni ya kutosha hutoa cheche ndefu, nyeupe, zinazopasuka mwishoni kama matawi. Chuma laini cha kawaida kina cheche ndefu zisizopasuka sana. Hata hicho cha mwisho usikikatae kikiwa kinene na cha bei ndogo, kwa sababu chuma unachofua kikiwa na rangi ya chungwa inayoelekea njano, karibu nyuzi 1,000 za sentigredi au zaidi, ni laini kuliko pande lolote lililo baridi. Makovu yatatokana na nyundo inayokosa shabaha, na hayo utayasawazisha kwa diski ya msasa.

Kuhusu bei, siri ni kununua kwa kilo, kamwe usinunue kwa jina. Ukitamka neno fuawe mbele ya muuza vyuma, pande lile lile linapanda thamani mdomoni mwake. Uliza kwanza bei ya kilo anayouzia, kisha mwambie utaongeza kidogo juu ya kile ambacho kiwanda kinamlipa, kwa kuwa wewe unachagua na yeye anapoteza muda. Kwa mfano tu, ikiwa mmekubaliana shilingi 1,500 kwa kilo, pande la kilo 30 ni shilingi 45,000. Akikutajia laki mbili kwa pande hilo hilo, aondoe mkono wake kwenye bei ya jina na arudi kwenye mizani. Dai risiti ya mashine. Na kama pande ni refu mno, likatwe kwa msumeno wa mashine kwa fundi wa kerezo badala ya kukatwa kwa gesi, kwa sababu moto wa gesi huacha ukingo mgumu wenye nyufa ndogo kwenye feleji ya kaboni. Ikibidi gesi, lizikwe kwenye majivu makavu lipoe polepole. Fimbo za jeki za haidroliki zina ngozi ya kromu ambayo ikiunguzwa hutoa moshi wenye sumu. Hizo zisikatwe kwa gesi kabisa.

Nimelazimika kutenga nafasi kwa ajili ya reli, kwa sababu inapendekezwa kila mahali, na kwa ubora wa chuma inastahili. Reli ina kaboni na manganizi ya kutosha, haibonyei kwa urahisi, na reli ya pauni 80 kwa yadi ina takriban kilo 40 kwa kila mita, wakati reli za SGR, ile njia mpya ya kisasa, ni kilo 60 kwa mita. Tatizo ni umiliki. Reli za njia ya Kati, iliyoanza kujengwa mwaka 1905 kutoka Dar es Salaam na kufika Kigoma mwaka 1914, na za njia mpya inayopita hapa kwetu, ni mali ya Shirika la Reli Tanzania. Kipande kilichokatwa kwa siri kinaweza kuangusha treni yenye mamia ya watu, na anayekipokea akijua au akiwa na kila sababu ya kujua kuwa ni cha wizi anaingia kwenye kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu. Bei ya chini na kukosa risiti ndizo dalili zenyewe. Kijana huyo mwambie hapana, na usimsaidie kutafuta mnunuzi mwingine. Tahadhari hiyo hiyo iende kwa vyuma vya kingo za madaraja, mifuniko ya mashimo ya barabarani na vipande vya minara ya umeme.

Reli halali ipo, ila inakuja na karatasi: mnada wa hadhara wa vifaa chakavu, zabuni, au jumba lenye vibali linaloweza kukuonyesha lilinunua wapi. Ukiipata kwa njia hiyo, isimamishe wima. Watu wengi huilaza kama ilivyo njiani, wakachonga pembe upande mmoja ili ifanane na fuawe, na hapo wanaipunguzia nguvu, kwa maana shingo nyembamba iliyo chini ya kichwa cha reli huchezacheza kama springi na kula mapigo yako. Ikisimama wima, kipande cha sentimita 60 cha reli ya pauni 80 kinaweka kilo 24 zote chini ya nyundo. Uso wake ni mkato wa reli yenyewe: kichwa kipana upande mmoja kwa kufulia, shingo nyembamba katikati kwa kunyooshea na kurefusha chuma, na ukingo wa kitako kwa kukunjia pembe kali. Ni karakana nzima kwenye eneo dogo.

Fuawe kamili iliyotumika inahitaji subira, kwa sababu haiuzwi dukani kama nyundo; inatoka pale karakana inapofungwa, fundi anapozeeka au ghala linaposafishwa. Fuatilia matangazo ya minada ya taasisi za umma yanayobandikwa kwenye mbao za halmashauri na kuchapishwa magazetini. Piga hodi kwenye misheni kongwe za Mvumi, Mpwapwa na Kongwa, ambako ujenzi wa makanisa, shule na hospitali ulihitaji mafundi wa kila aina. Kongwa ina sababu nyingine pia: mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulileta pale matrekta na mitambo mingi pamoja na karakana za kuihudumia, kwa hiyo mzee wa huko akikwambia anajua lilipo chuma zito la zamani, msikilize. Morogoro kuna karakana ya reli ya miaka mingi, na mafundi wake wastaafu wanajua nani alinunua nini kwenye minada iliyopita. Dar es Salaam, mtaa wa Gerezani una mafundi chuma waliobobea. Na usiwasahau wahunzi wetu wenyewe: wauza visu, mashoka na kengele za ng'ombe kwenye mnada wa Msalato na minada ya Kondoa na Singida ama wanafua wenyewe ama wananunua kwa anayefua. Waulize kwa heshima, nunua kisu kimoja, uombe kuonyeshwa wanafulia juu ya nini. Ofisi ya SIDO ya mkoa na chuo cha VETA pia ni mahali pa kuuliza, kwa sababu wanafahamiana na mafundi wengi.

Kwa kuwa nchi hii ilitawaliwa na Wajerumani kisha Waingereza, unaweza kukutana na aina mbili. Ya Kijerumani kwa kawaida ina pembe mbili, moja ya mviringo na nyingine yenye pande bapa, na uzito wake ukichapwa huwa ni kwa kilo. Ya Kiingereza ina pembe moja, ikifuatiwa na ngazi fupi ya kukatia kabla ya uso, na ubavuni inaweza kuwa na jina la mtengenezaji, kwa mfano PETER WRIGHT pamoja na neno PATENT na duara lenye maneno SOLID WROUGHT. Chini ya jina ndipo zinapokaa namba tatu zilizotengana. Hizo si tarakimu za namba moja. Ya kwanza inazidishwa kwa pauni 112, ya pili kwa pauni 28, na ya tatu ni pauni zenyewe. Kwa hiyo 1 1 7 ni 112 na 28 na 7, jumla pauni 147, sawa na takriban kilo 67. Huenda muuzaji wako hajui tu, lakini kama bei yake ameipanga kwa kilo 117, anakutoza kilo 50 ambazo hazipo. Kwa upande mwingine, kilo 67 kwa nyundo yako ni uzito bora kabisa, kwa hiyo kosa lake lisikufanye uidharau fuawe yenyewe.

Unapofika mbele ya fuawe, chukua rula ya sentimita 30, gololi ya beringi yenye ukubwa wa sentimita 2 hivi, brashi ya waya, chaki na mafuta ya taa kidogo. Sugua kutu na rangi usoni kwanza, kwani vyote viwili hula mdundo. Simamisha rula, idondoshe gololi kutoka sentimita 25, uangalie inarudi mpaka wapi. Ikirudi hadi sentimita 20 au zaidi, uso ni mgumu na umekaa vizuri. Ikirudi 15 hadi 18, bado ni chombo cha kazi kwa miaka mingi. Ikiishia chini ya 10, ama ni kasti, ama ilipitia moto mkubwa, labda wa nyumba iliyoungua, ikapoteza ugumu wake. Usipime mahali pamoja: tembea na gololi kutoka katikati hadi kwenye kingo zote, ukikumbuka kwamba juu ya matundu itadunda kidogo na si kasoro. Mahali ambapo mdundo unakufa ghafla katikati ya uso mzuri ndipo penye shaka, kwa sababu fuawe nyingi za zamani zina mwili wa chuma laini ulioungwa juu yake bamba la feleji lenye unene wa sentimita moja au zaidi kidogo, na muungano huo unaweza kuwa umeachia.

Hapo ndipo chaki inapokuja. Inama uutazame ubavu karibu na uso, utaona mstari hafifu unaozunguka mahali bamba lilipokutana na mwili. Pakaza mafuta ya taa kwenye mstari huo, subiri kidogo, futa pakauke kabisa, kisha paka chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora uzi mweusi kwenye weupe. Rudia kiunoni na pale pembe inapoanzia. Halafu gonga kwa nyundo ndogo usikilize: fuawe nzima ya aina hii hulia kwa sauti ndefu ya kengele, na iliyoachana hutoa sauti ya kukohoa. Zipo chache za heshima zenye mwili wa kasti na uso wa feleji ambazo hazilii kwa asili yake, na ndiyo sababu gololi ina neno la mwisho kuliko sikio.

Kasoro zipi uzivumilie? Kingo zilizolika ni jambo la kawaida, na mradi umebaki na sentimita 10 za ukingo mzuri mahali fulani, zinatosha. Hata ukingo mpya unapaswa kuviringishwa kidogo, milimita 3 hivi, ili usikate nyuzi za chuma unachokikunja. Uso uliobonyea katikati kwa milimita mbili tatu hauzuii kazi, na wanaonyoosha visu hata wanaupenda. Ncha ya pembe iliyovunjika haina shida. Kataa fuawe ambayo bamba lake limeachia, yenye ufa kiunoni, na ile ambayo uso wake umeng'aa mno kwa kurandwa kwenye mashine. Hilo la mwisho watu hulifanya kwa nia njema ya kuipendezesha, kumbe wanalimaliza bamba lenyewe. Wewe ni fundi wa kuchomelea na mkono utakuwasha kuzijaza kingo kwa elektrodi. Nakusihi uuzuie. Bila kuipasha fuawe nzima moto hadi karibu nyuzi 200 na kutumia elektrodi zinazofaa, mchomeleo utaacha eneo gumu lenye kuvunjika pembeni na eneo laini kando yake, na utakuwa umeiharibu fuawe iliyodumu miaka mia.

Zile mpya zinazotangazwa mtandaoni kwa bei ndogo, zenye rangi nzito nyeusi au ya buluu, nyingi ni kasti tupu, na uso wake hukwaruzika kwa tupa ya kawaida bila shida. Pande lako la ekseli linazishinda. Kuna zilizomiminwa kwa feleji halisi, ambazo ni nzuri, lakini gololi ile ile ndiyo itakayozitenganisha, si maneno ya tangazo.

Ukishalipata pande, likalishe vizuri. Gogo la mgunga au mkwaju lililokauka, lenye kipenyo cha sentimita 35 au zaidi, linafaa. Chimba ndani yake shimo la kulimeza pande kwa sentimita 8 hivi na uligongee kabari za mbao. Urefu upange hivi: simama wima, mikono ikining'inia, ngumi ikiwa imekunjwa, na uso wa fuawe uguse vifundo vya vidole. Hapa Dodoma gogo lina maadui wawili. Ukavu wetu hulipasua, kwa hiyo livalishe pete mbili za chuma, kazi ambayo kwako ni ya dakika chache. Mchwa watalila kutoka chini usipoona, kwa hiyo usilizike ardhini. Liweke juu ya bamba la chuma au zege, na upande wa chini uupake oili chafu mara kadhaa kabla ya kulisimamisha. Ukikosa gogo, nusu pipa lililojazwa mchanga mkavu ulioshindiliwa linafanya kazi nzuri, nalo linapunguza kelele, jambo ambalo majirani zako wa Nkuhungu watalithamini. Vaa miwani kila mara, na usipige nyundo juu ya uso mtupu wala kwenye ukingo, kwa kuwa chuma kigumu kikikutana na kigumu kinarusha vipande.

Pembe itengeneze kutoka kwenye kipande cha shafti kilichochongwa kwa grainda na kubanwa kwenye jiliwa. Kwa mapambo ya mageti, bomba nene la nchi mbili nalo linakunja mizunguko vizuri. Tundu la mraba lipate kwa kuchomelea kipande cha bomba la mraba kwenye pete ya gogo, siyo kwenye pande lenyewe, kisha patasi za kukatia zikae humo.

Kwa yule wa Dar es Salaam, mwandikie kwa adabu umweleze hesabu ya 1 1 7, umwombe aiweke fuawe kwenye mizani na akutumie video ya gololi ikidunda pembeni ya rula, sehemu tano za uso, pamoja na picha ya karibu ya ubavu chini ya bamba. Akikubali, mtafute ndugu au fundi unayemwamini aliyeko huko aende na chaki na mafuta ya taa, na fedha itoke mkononi mwake baada ya kuikagua, papo hapo, kwa risiti au hati ya mauziano yenye majina na saini za pande zote mbili. Kabla hamjafunga bei, uliza pia gharama ya mzigo wa kilo 67 kwa basi au lori hadi Dodoma, uijumlishe, ndipo uigawanye jumla hiyo kwa 67 na kuilinganisha na bei ya kilo ya pande la kwenye mizani ya Kizota. Akikataa video, au akishikilia malipo ya awali, muache, uende Kizota na rula yako.